Nilivuta Pumzi Nusu

Kila asubuhi shuleni kwetu, pale Tangini, Kibaha, tunakimbia mchakamchaka kabla ya kuingia darasani. Mimi huanza pamoja na wenzangu, lakini mzunguko wa pili ukifika nabaki nyuma, mkono kifuani, moyo ukinidunda hadi masikioni. Kifua changu kimebonyea katikati tangu nikiwa mdogo. Mwalimu Mwinyimadi, wa michezo, analijua hilo, na bado aliniambia mbele ya darasa la sita zima, "Naila, ugonjwa wako ni uvivu."

Wenzangu walicheka. Nilimchukia mwalimu siku ile, nasema kweli. Nilimchukia hata alipokuwa amenyamaza.

Mama alipopata rufaa ya kunipeleka hospitali kubwa ya Dar es Salaam, Bibi Biubwa alikuja kutoka Chole, Kisarawe, ili anisindikize, maana Mama hakupata ruhusa kazini. Tulipokelewa na dada mpole aitwaye Fadhila, mtaalamu wa picha. Alinieleza kuwa mashine ya MRI ingepiga picha nyingi mfululizo, kama video, ili daktari aone mapafu, moyo na mbavu vinavyokwenda ninapopumua. Haiumi, alisema, ina kelele tu. Kazi yangu ilikuwa kulala bila kujitikisa na kumsikiliza: akisema vuta, nivute pumzi hadi mwisho, akisema toa, nitoe yote.

Nikavua hereni, nikaingia. Ndani ya ile mashine, katikati ya makelele, sura ya Mwalimu Mwinyimadi ikanijia. Nikawaza kwamba picha zikiwa mbaya sana, atajuta. Basi kila Fadhila aliposema vuta, nilivuta nusu.

Nilipotoka, Fadhila alikuwa amekunja uso mbele ya kompyuta. Alimwambia Bibi kuwa mapafu yanafunguka kidogo mno, na kwamba picha kama zile zingeweza kumfanya daktari aamue kunipasua kifua. Bibi alijishikiza ukutani, akakaa kwenye benchi polepole.

Hapo nikajikasirikia mwenyewe.

"Nimevuta pumzi nusu," nilisema. "Nilitaka mwalimu aone kuwa naumwa."

Fadhila hakunipigia kelele, lakini upole ulimtoka. "Ungepasuliwa wewe, Naila, si mwalimu wako," alisema, akanirudisha ndani.

Safari hii nilivuta mpaka mbavu zikauma. Daktari alipozitazama picha mpya, alituonyesha kuwa mapafu yanafunguka vizuri, ila mfupa wa katikati ya kifua unausukuma moyo pembeni na kuubana. Ndiyo maana nikikimbia nachoka upesi. Alisema hakuna haja ya kunipasua kwa sasa. Nifanye mazoezi ya kupumua, nikimbie kwa kiasi changu, nirudi baada ya miezi sita. Akaandika barua ya shule.

Kesho yake Bibi aliipeleka barua ile mwenyewe ofisini kwa Mwalimu Mwinyimadi, nami nikiwa naye. Mwalimu alimwamkia, Bibi akaitikia kwa mkato. Mwalimu aliisoma barua mara mbili, kisha akakiri kuwa alinikosea, akaahidi kuniomba radhi mbele ya darasa wiki ijayo.

"Utaomba leo, mwalimu," Bibi alisema. "Mtoto akikwambia anaumwa, muulize anaumwa wapi. Ulimwita mwongo kabla hajadanganya, mpaka akadanganya kweli hospitalini."

Mwalimu aliinamisha kichwa, akaagiza darasa la sita liitwe.

Nilitaka kutabasamu, lakini Bibi akanigeukia, na macho yake hayakuwa yamepoa. "Na wewe usidhani nimekusahau. Kukasirika ilikuwa haki yako. Ila ukweli wako ulitosha, ukaenda kuuongezea uongo. Daktari anatibu kile unachomwonyesha. Ukimwonyesha uongo, atatibu uongo, na mwili utakaokatwa ni wako."