Waya wa Gitaa Langu

Naapa kwa mvi zangu zote, pamoja na zile zilizokwisha kudondoka: haya ni kweli tupu. Naandika huku nikijisomea kwa sauti, na mke wangu yuko chumba cha pili anapiga pasi, masikio wazi. Tumekubaliana hivi: akinishika na uongo mmoja tu, nitatoa gitaa mvunguni nipige ule wimbo wetu pale mlangoni, majirani wote wasikie.

Mwaka wa sitini na sita bendi yetu ilikuwa ya vijana wanne. Suruali za kubana, viatu vya ncha ndefu hata ngazi tulipanda kwa ubavu. Tukipita mtaani, askari wa barabarani alisahau magari akatupigia makofi.

Huyu mke wangu nilimkuta duka la santuri, Jumamosi asubuhi, watu wamebanana hadi mlangoni. Tulishika santuri moja kwa pamoja, yeye huku, mimi kule. Gauni la njano, vifungo vikubwa vyeupe, na futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni. Alikuwa ametoroka kazini dakika tano.

"Kaka, achia."

"Dada, unajua unavutana na nani? Mimi napiga gitaa la solo kwenye bendi."

"Hata ungekuwa unapiga pasi. Achia."

Nikaachia. Tangu siku hiyo sijawahi kumshinda ubishi.

Bendi ilikuwa inataka suti, nikawapeleka wenzangu dukani kwake. Wao aliwapima dakika tano tano. Mimi saa nzima. Tajiri wake alikuwa na simu, basi kila saa nne asubuhi nikawa napiga.

"Duka la ushonaji, habari za asubuhi."

"Mpenzi, mkono wa koti umekuwa mfupi."

"Koti lenyewe sijalikata!"

"Basi mkono wangu umerefuka kwa kukutamani."

"Mwendawazimu wewe. Tajiri anakuja, kata simu."

Lakini yeye hakukata.

Jumapili moja alasiri akaja dansini, akasimama mbele kabisa. Suti zetu za buluu zinameta. Nikapiga magoti, nikafumba macho, nikatikisa kichwa, ukumbi ukapiga kelele. Ila yeye ni fundi, jicho lake limezoea kufuata uzi mpaka mwisho wake. Akaufuata waya wa gitaa langu. Ukashuka sakafuni, ukazunguka kiti cha mpiga ngoma, ukapanda tena, ukaingia kwenye mfuko wa koti langu, alioushona mwenyewe.

Solo ilikuwa inapigwa na jamaa mmoja mnene aliyesimama nyuma ya pazia. Mimi, kiongozi wa bendi alinichukua kwa urefu na sura tu.

Alinisubiri nje.

"Uliniambia unapiga gitaa."

"Nilikuwa naelekea kupiga."

"Na kunipenda? Nako unaelekea?"

"Kule nilishafika zamani, mpenzi!"

"Nitajuaje?" Akaenda zake, gauni la njano likapotea kwenye umati.

Kesho yake nikapiga simu.

"Hayupo," akasema.

"Si sauti yako hii?"

"Mwenye sauti hayupo."

Simu ikakatwa, na safari hii ni yeye aliyekata. Nikaona nampoteza hivihivi. Nikamfuata yule mnene, nikamwomba anifundishe. Nikajifungia siku arobaini, vidole vikachunika ngozi. Siku ya arobaini na moja nikapiga simu, nikalaza mkono wa simu juu ya mto, nikapiga wimbo wa ile santuri tuliyovutania, mzima, bila kukosea hata mahali pamoja. Nilipouinua, nikasikia cherehani kule imenyamaza. Mpenzi wangu akaangua kilio, akasema, "Nimekosa mimi, nioe leo hii—"

Pasi chumba cha pili ikatua kwa kishindo.

"Mzee! Nani aliangua kilio?"

"Mama, ni mambo ya zamani..."

Akatokea mlangoni, shati langu mkononi. "Nani?"

"Mimi."

"Na mimi nilisema nini?"

"Ulisema uzi wa tatu umelegea."

"Halafu?"

"Halafu ukasema nije dukani niombe msamaha uso kwa uso. Nikaja, nikakuomba na uchumba hapohapo, tajiri wako anatuangalia."

"Na hizo siku arobaini?"

"Zilikuwa... miezi kumi."

"Miezi kumi!"

"Na wewe ulinisubiri yote."

"Sikusubiri mtu. Nilikuwa na kazi nyingi." Akainamia shati, akanyoosha kola ambayo haikuwa na kunyanzi hata moja. Hapo na mimi nikawa nimemshika uongo.

Deni ni deni. Nikavuta gitaa na spika hadi mlangoni. Majirani wakatoka, wengine na sahani mikononi. Mke wangu akaushika waya kwenye gitaa, akaufuata kwa kidole taratibu hadi kwenye spika, akausukuma ndani kuhakikisha, kisha akakaa kwenye kiti cha mbele kabisa.

Nikafumba macho, nikapiga wimbo wetu mzima.

"Uzi wa tatu," akasema, huku akifuta macho kwa shati langu. "Bado umelegea."