Ikikuita, Usiitike

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mchana kweupe, milango wazi, jua linawaka juu ya Gisenyi, na nyumba ya Wenceslas ikanuka mayai viza, kama chemchemi za maji ya moto kule Nyamyumba. Mkewe, Saidati, alipekua jikoni asione kilichooza. Aliporudi sebuleni alimkuta binti yao Joanita mkono umeganda hewani, kifuniko cha chupa ya bia kati ya vidole, macho wazi, mwenyewe hayupo.

Joanita alikuwa na miaka saba na hakuwahi kutamka neno. Alipanga vifuniko alivyoletewa na baba yake kutoka kiwanda cha bia cha Rubona, akavipanga hadi mlangoni, na akifurahi aliguna wimbo wake mwenyewe. Hayo wazazi waliyazoea, tena waliyapenda. Lakini hili la kuganda lilikuwa geni. Kila lilipokuja lilitanguliwa na harufu ile, na Joanita alizinduka akilia, akitazama kona ya chumba kana kwamba kuna mtu anaondoka.

Daktari waliyemwendea hakumgusa mtoto hata paji la uso.

"Bon, mama, mutoto yenu iko na autisme, usonji. Kuangalia-angalia vile iko tabia yake."

"Docteur, tabia yake mi naijua," Wenceslas alisema, akijizuia. "Hii ingine inamukamataka. Mumupime kichwa, tafazali."

"Mashine haiko huku. Murudi nyumbani."

Walirudi kwake tena na tena, wakafukuzwa kwa adabu. Msiwacheke basi kwa walikokwenda baadaye.

Walikwenda Nyamyumba, kando ya ziwa, kwa bibi Nyirahabimana, aliyewaogesha watu kwa maji ya chemchemi mpaka kilichowapanda kiseme. Alimkalisha Joanita kwenye mvuke, akamvuta Saidati pembeni.

"Mama Joanita, sikia," alinong'ona. "Iko mutu ya maji. Itasema na mudomo ya mutoto, itakuita. Usiitike. Ukiitika, umeikaribisha."

"Mutoto yangu haisemaka, nyogokuru."

"Ndiyo maana nakuambia."

Mvuke ukazidi, na harufu ikazidi, na bibi akamimina maji huku akiita majina ambayo Saidati hakuyajua, na chini ya mawe kukasikika kitu kinakwaruza kama kucha juu ya sufuria, na ndege wote wa ziwani wakanyamaza kwa mpigo, na katikati ya hayo yote midomo ya Joanita ikafunguka.

"Mama."

Haikuwa sauti nzito ya kutisha. Ilikuwa nyororo, ya mtoto wa miaka saba.

"Mama. Niko hapa."

Saidati alijaza kitenge mdomoni, akakiuma. Neno hilo aliliomba katika kila sala tangu Joanita azaliwe. Sauti ikaita, ikangoja, ikaita tena kwa unyonge, na hakuitika. Ndipo Joanita akaanguka akitetemeka mwili mzima, povu likimtoka.

Wenceslas akambeba hadi kwa daktari yuleyule, na pale mezani mtoto akatetemeka tena, safari hii daktari akiona kwa macho yake.

"Ah non," daktari alisema polepole. "Hii iko kifafa. Munisamehe."

Akawapa tembe. Wenceslas alilia barabarani kwa furaha, kwa sababu tu ugonjwa umepata jina.

Na tembe zilifanya kazi. Harufu ikakoma, mkono haukuganda tena, vifuniko vikapangwa bila kukatizwa. Wenceslas akaanza kulala usingizi. Saidati ndiye aliyekonda. Alipika akisikiliza, alifua akisikiliza, na moyo ulimuuma mno, kwani kama yule alikuwa mwanawe kweli, basi aliita, na mama yake akauma kitambaa.

Alasiri moja ya mvua, Wenceslas akiwa kazini, Joanita alisinzia mapajani mwa mama yake. Nyumba ikanuka mayai viza.

"Mama."

Saidati akainama haraka. Midomo ya Joanita ilikuwa imefungwa, pumzi zake zikienda taratibu. Sauti ilitoka nje, nyuma ya mlango.

"Mama. Niko hapa."

Alikumbuka vizuri alichoambiwa. Akamkumbatia mtoto wake aliyelala, machozi yakimdondokea shavuni.

"Niko hapa, mutoto yangu," akaitika. "Ingia."