Mandochelo Iliyopona Kisirisiri

Saa kumi na mbili jioni, Inspekta alifungua kasha juu ya meza ya jikoni, chupa ya gundi ikiwa tayari pembeni, akakuta kitu ambacho hakikupaswa kuwemo: mandochelo nzima. Aliitazama kama mtu anayemtazama marehemu akipiga chafya.

Miezi mitatu nyuma alikuwa ameiona kwa macho yake katika duka la ala zilizokwishatumika. Mandochelo ni dada mkubwa wa mandolini, nyuzi nane zilizopangwa jozi jozi, sauti nzito ya chini. Ile ya dukani ilikuwa na ufa wa kuingiza ukucha, kutoka tundu la sauti hadi ukingoni, na nyuzi zilizoliwa na kutu. Mwenye duka alikuwa ameipunguza hadi nusu bei. "Ilivyo ndivyo ilivyo, Mama," alisema. "Ikiuzwa, hairudishwi." Siku hiyo Inspekta hakuwa na uwezo. Leo alirudi, kasha likatolewa stoo, akalipa bila hata kulifungua. Mwanamke aliyetumikia upelelezi hadi kustaafu kauziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe katoka amenona.

"Ni ile ile?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Kaa, ujaribu. Mengine niachie mimi."

Mzee alikuwa mpiga mandolini tangu ujana. Kisha baridi yabisi ikamvimbisha vidole, shingo ya mandolini ikawa nyembamba kwake, kila akibonyeza uzi mmoja anabonyeza na wa jirani. Mwaka jana aliitundika ukutani, na maneno yake mengi akayatundika hapo hapo. Ndiyo sababu mkewe alitaka ala kubwa, yenye nafasi ya vidole vinene.

Mzee aliipakata, akagusa jozi ya chini kabisa, jikoni kukajaa mvumo. Akaendelea polepole, akikosea, akicheka, akirudia. Inspekta aligeukia sinki akaosha kikombe kilichokuwa kisafi. Alifurahi mpaka akaogopa.

"Ila aliyefunga nyuzi hizi ana mambo," mzee alisema. "Nakaza, zinalegea. Nalegeza, zinakaza. Zote nane!"

Inspekta alikausha mikono. Rahisi huvunja upishi, na duka gani linauza kizima kwa bei ya kibovu? Alichukua tochi na kioo chake kidogo cha mkoba, akachungulia ndani ya tundu. Ufa ulikuwa umeshikiliwa kwa ndani na viraka saba vya mbao. Vitatu vilikuwa na kona kali, gundi yake imegeuka rangi na kushika vumbi. Vinne vilikuwa na kona za mviringo, gundi ingali inang'aa.

"Mikono miwili," alinong'ona. "Mmoja wa zamani, mmoja wa juzi."

"Je, ikiwa ni ya wizi?"

"Itarudi."

Mzee hakubisha. Alikuwa amekaa na mwanamke huyu miaka mingi mno kujaribu kubisha. "Basi niachie usiku huu tu," alisema, na Inspekta akaona afadhali angebisha.

Asubuhi, duka lilipofunguliwa tu, aliingia na kasha lake. Mwenye duka alikuwa akifuta gitaa. Nyuma, kwenye benchi la ufundi, alikuwepo Kidevu, fundi wa duka, mtu mwenye ndevu za kutosha watu wawili. Karibu na droo ya fedha aliketi mama mzazi wa mwenye duka, akifuma sweta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi? Nyuzi hazijashuka?"

"Kidogo tu."

"Ndivyo zilivyo. Kaa kwanza." Akammiminia chai kutoka chupa, akamnyooshea kikombe. "Uniwie radhi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haujawahi kunisikiliza."

Inspekta alipokea, akashukuru, kisha akafungua kasha juu ya kaunta. Mwenye duka aliangalia mara moja, akarudi hatua nzima.

"Hii siyo yangu! Yangu ilipasuka." Akageuka nyuma. "Kidevu! Ndiyo kazi yako hiyo? Umechukua ala yangu, umeweka ya wizi, nije nifungwe mimi?"

"Bosi, mimi?" Kidevu aliinuka. "Nina watoto, Bosi. Naiba ili iweje?"

"Utayasema mbele ya polisi." Mwenye duka alishika simu. "Na hii inabaki hapa, Mama. Ni ushahidi."

Inspekta aliweka kiganja juu ya kasha. Alikwishasema maneno hayo hayo kwa watu wengi maishani, na hakuwahi kujua yanavyouma.

"Simu itasubiri," alisema. "Siku ile uliponionyesha, ulinionyesha nini mgongoni?"

Mwenye duka alifikiri. "Kovu. Iligonga kona ya meza."

"Ulisema lina umbo gani?"

"La... harage."

Inspekta aliigeuza mandochelo. Kovu lilikuwa pale pale, na lilikuwa harage kweli.

"Basi hakuna kilichobadilishwa. Kuna mtu ameingia stoo yako, na badala ya kutoa, ameongeza. Fundi, si wewe uliyeitengeneza?"

"Mama, ningeitengeneza mimi, Bosi angekuta bili kabla ya ala."

"Nifungie uzi mmoja kwenye hilo gitaa."

Kidevu alifunga. Inspekta alijaribu ufunguo wa kukazia: akikaza, uzi unakazika. Akamgeukia mwenye duka.

"Wewe je?"

"Mimi? Mimi kamba ya kiatu yenyewe inanishinda. Baba alinifundisha mpaka akakata tamaa, ndipo akanipa daftari la mauzo."

"Chungulia humu." Akampa tochi na kioo. "Viraka vitatu vya mwanzo, vya kona kali. Unavijua?"

Mwenye duka aliinama kwa muda mrefu. Alipoinuka, hasira ilikuwa imemtoka yote.

"Ni vya Baba. Hakuna mwingine aliyekata kona hivi. Alikufa mwaka jana, hii ikiwa bado benchini. Mimi ndiye niliyeipeleka stoo."

"Kwa hiyo kuna aliyeendeleza pale alipoishia. Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Mimi peke yangu. Mimi na..."

Sindano za kufumia zilikuwa zimenyamaza. Wote watatu wakageuka.

"Malizia, mwanangu," yule mama alimwambia Inspekta kwa upole. "Umekuja njia nzuri."

"Uliniuliza kuhusu nyuzi, Mama, kabla sijafungua kasha. Hapa dukani kila mtu alidhani zimo zile za kutu. Uzi mpya ndio unaoshuka sauti mpaka uzoee, na aliyejua kuwa ni mpya ni aliyezifunga. Tena zote nane zimezungushwa kinyume, kama atakavyozungusha mtu wa mkono wa kushoto ambaye hakuwahi kufundishwa na mtu."

"Mama!" mwanawe alimaka. "Daktari si alikukataza vumbi la mbao?"

"Alikataza vumbi. Gundi hakuitaja." Aliweka sweta mapajani. "Baba yako aliileta hii ikiwa imepasuka. Akaniambia, nikiimaliza, wimbo wa kwanza ni wako. Akabandika viraka vitatu, akaniacha. Wewe ukaifungia stoo na kibandiko cha nusu bei. Kila nikipita pale naona kazi yake imekatika katikati kama sentensi. Nikawa naingia mkiwa mmetoka kula mchana. Mimi si fundi, nilikuwa namshikia taa tu. Lakini nilimshikia miaka mingi, na macho sikuyafumba."

"Kwa nini usiniambie?"

"Ungepandisha bei, ukaitundika dirishani itazamwe na wapita njia. Mimi nilitaka ichukuliwe na mtu aliyekubali kuichukua ikiwa mgonjwa."

Mwenye duka alifuta uso. Kisha akaivuta mandochelo upande wake, taratibu, kama mtoto anayejua anakosea. "Mama," alimwambia Inspekta, "hii ni kazi ya mwisho ya Baba. Nakurudishia fedha zako. Nakuomba."

Inspekta angeweza kumshinda kwa hoja, lakini alimwona mtu anayemlilia baba yake, na nyumbani alimwona mwingine ameketi na mikono mitupu. Akamwangalia mwenye sweta.

"Inapigwa?" yule mama aliuliza.

"Jana, mpaka chai yake ikapoa. Mume wangu alikuwa hajagusa uzi mwaka mzima, kwa sababu ya vidole. Jana alicheka, Mama. Nilikuwa nimeisahau sauti ya kicheko chake."

Yule mama alimgeukia mwanawe. "Ulimwambiaje siku ile? Ilivyo ndivyo ilivyo?"

Mwenye duka alitazama chini. "Ikiuzwa, hairudishwi," alimalizia. Akaifunga mandochelo ndani ya kasha kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaenda nyuma kumwomba Kidevu radhi, nusu kwa maneno, nusu kwa kumpiga piga bega.

Jioni hiyo yule mama alifika kwa Inspekta, amefuatana na mwanawe, na nyuzi mpya ndani ya mkoba. "Nimekuja kurekebisha kosa langu," alisema. "Nizifunge upya, ziende zinakotakiwa kwenda."

Mzee aliikumbatia mandochelo kama anayeogopa kunyang'anywa. "Ziache hivyo hivyo, Mama. Nimeshauzoea mkono wako. Ila kaa hapa karibu."

"Wimbo wa kwanza umeshaupiga jana, nasikia," yule mama alisema, akijaribu kutabasamu.

"Jana?" Mzee alikaza uzi mmoja kwa kuulegeza, akatega sikio. "Jana nilikuwa najaribu tu. Wa kwanza ni huu."