Pikapu Isiyochakaa

Kiti cha dereva kilikuwa na joto.

Jicho aliondoa kiganja, akakirudisha, kama mtu anayempima mtoto homa. Aliambiwa gari halijawashwa tangu wiki iliyopita, na banda lilimokuwa lilikuwa na giza na sakafu ya saruji inayotoa ubaridi hata adhuhuri. Akajinyoosha akagusa kiti cha abiria. Baridi. Akarudi cha dereva. Joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi.

"Ni bati la paa hilo," alisema kaka yake kutoka mlangoni, hata kabla hajaulizwa. "Jua likipiga, kila kitu humu kinachemka."

Jicho akakubali. Dalali yeyote angesema hivyo, angebishiwa mpaka ajute, lakini huyu alikuwa Kaka. Mama yao alipofariki, Kaka ndiye aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Ndiye aliyemfundisha baiskeli, akikimbia nyuma huku ameshika kiti na kupiga kelele, "Sijakuachia, kanyaga tu!" Mtu wa namna hiyo akikwambia ni bati, basi ni bati.

Kazi ya Jicho ilikuwa kuthamini magari. Jina lenyewe alipewa na madalali, kwa chuki na heshima zikichanganyika, kwa sababu muuzaji akishampaka bibi poda ili aitwe binti, Jicho humnawisha uso mbele za watu. Alikuwa na sumaku ndogo aliyoizungushia kitambaa. Aliipitisha kwenye bodi. Ikishika, hapo ni chuma, ikiteleza, hapo kuna pati ya kuzibia mabonde iliyofunikwa rangi. Na mita ya kilomita hakuiamini hata kidogo. Mita hurudishwa nyuma na fundi yeyote mwenye bisibisi na roho mbaya. Yeye alitazama pedali, maana mguu wa mtu hauwezi kudanganya mpira wa klachi.

Pikapu hii ilimtoa jasho. Ilikuwa ya zamani, umri wake sawa na wa Kaka, rangi ya krimu ya kiwandani, usukani mwembamba mpana, gia ubavuni mwa usukani. Sumaku ilishika kila mahali. Chini ya kapeti hapakuwa na hata tone la kutu. Mita ilisoma kilomita za gari lililotoka dukani mwaka jana, na Jicho alipopiga magoti kutazama pedali, alikuta mistari ya mpira bado imesimama, mikali, haijakanyagwa. Tundu la ufunguo halikuwa na mkwaruzo. Usione vyaelea, vimeundwa, alijiambia, kuna mtu ameitunza hii kama mboni ya jicho. Kitu pekee kilichomkera ni harufu. Gari kuukuu hunuka mafuta, ngozi, vumbi. Hili lilinuka jasho la mgonjwa.

"Ulisema ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Ya baba mkwe. Kabla yake sijui." Kaka alisogea, akiburuta mguu wa kushoto. Alikuwa amekonda, na meno mawili ya mbele hayapo.

"Kaka, unaumwa?"

"Uzee, mdogo wangu."

"Uzee gani? Umenitangulia kuzaliwa, hukunitangulia kaburini."

Wakacheka. Kaka akamshika bega, na kiganja chake kilikuwa laini ajabu, kimesuguliwa mpaka mistari yote imefutika, kama tairi lililoisha kashata. Jicho alikihisi, akasahau. Alikuwa amekuja kukagua gari, hakuja kukagua ndugu yake.

Sasa Jicho alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu wa yadi zote. Hakuandika thamani ya gari mpaka aingie ndani, afunge mlango, ashike usukani kwa mikono miwili, kisha aitamke bei kwa sauti. Alisema bei ya uongo hukwama kooni. Gari ngapi aliziingia na bei moja akatoka na nyingine! Kaka aliijua tabia hiyo vizuri. Alimfungulia mlango mwenyewe, akaufunga taratibu, akainamia dirisha.

"Haya. Wewe unaonaje, mdogo wangu? Lina thamani gani?"

Jicho alishika usukani. Akavuta pumzi, akataja bei, kubwa kuliko aliyowahi kumtajia mtu, na haikukwama popote.

Vitasa vyote viwili vikajifunga, *tak*. Chini ya boneti kitu kikashusha pumzi ndefu, ingawa ufunguo ulikuwa mkononi mwa Kaka. Na Kaka naye akashusha pumzi. Akanyoosha mgongo. Akaurusha ufunguo ndani kupitia dirishani.

"Likae kwako kwanza. Nitalifuata."

"Kaka, vitasa hivi..."

Lakini Kaka alikuwa ameshageuka, anaondoka kwa mwendo wa haraka bila kuangalia nyuma. Hakuwa akichechemea.

Jicho aliifikisha pikapu nyumbani, akaiegesha uani. Mkewe, fundi cherehani mwenye kicheko cha karibu, aliizunguka mara mbili akiipapasa. "Shemeji kakuamini na mali yote hii?" aliuliza. Jicho akasema ndiyo, na akajisikia fahari.

Asubuhi ya kwanza magurudumu yalikuwa na tope bichi. Mvua haikuwa imenyesha. Boneti ilikuwa ya moto kiasi cha kuchoma mkono, lakini mita ilisoma vilevile, haijasogea hata tarakimu moja. Jicho alipoinuka kutoka kuchungulia chini ya gari, goti la kushoto likamchoma. Asubuhi zilizofuata tope likabadilika rangi, jekundu, jeusi, siku nyingine mchanga mweupe wa mahali asipopajua, na goti likazidi, na jino likaanza kucheza. Mkewe akamwambia kwa utani wenye wasiwasi, "Mume wangu, siku hizi unalala kama umekufa, halafu unanuka petroli."

Akauficha ufunguo ndani ya droo ya cherehani, chini ya vifungo na nyuzi. Usiku huo aliapa hatalala. Alikaa kitandani akisikiliza pumzi za mkewe, na mbwa wa jirani, na kitambo baadaye mbwa akanyamaza ghafla, na huko uani kitu kikaanza kuhema, taratibu, kwa kukwaruza, kama mtu mwenye kifua kibovu anayepanda ngazi, na Jicho akajaribu kumgusa mkewe lakini mkono haukugusa shuka, uligusa usukani, kwa sababu hakuwa tena kitandani, alikuwa kwenye kiti kile chenye joto, mguu wa kushoto ukikanyaga klachi na kuachia, ukikanyaga na kuachia, barabara isiyo na taa wala nyumba ikimezwa chini ya bampa, na kando yake, pale kwenye kiti cha abiria, palikuwa na mtu, au kitu chenye uzito wa mtu, kilichonuka lile jasho la mgonjwa, ambacho hakuweza kukigeukia kwa sababu shingo yake haikuwa yake tena, na kitu hicho kikamsogelea mpaka pumzi yake baridi ikaingia sikioni, kikasema kwa upole, kama anayemsifu mtoto, "Kaka yako alisema kweli. Wewe hubishi. Ongeza mwendo."

Kulipokucha alijikuta kitandani, miguu imejaa vumbi. Akavitazama viganja vyake. Mistari ilikuwa inafutika.

Alielekezwa kwa mganga. Alitegemea mzee wa mvi na vibuyu. Akamkuta mama wa makamo mwenye ndara, anamenya vitunguu, simu yake ikilia kila mara naye akiikata kwa kidole cha mguu. Alimsikiliza Jicho bila kuinua macho. Kisha akasema, "Lete mikono." Akaiangalia, akairudisha haraka.

"Jini hilo napenda niseme nalijua, lakini nimelisikia tu," alinong'ona. "Linapenda safari, na halipendi kuchakaa. Kwa hiyo linalotembea ni gari, anayechakaa ni mtu. Wewe ulishika usukani ukataja thamani yake. Ukalipokea."

"Nitaliuza leo hii."

"Uza hata ng'ambo. Kesho lipo uani."

"Nitalichoma moto!"

"Utaungua wewe." Alifuta machozi ya vitunguu. "Haliondoki mpaka limpate mwingine, naye ashike usukani, ataje thamani kwa kinywa chake. Na haliendi kwa mtu yeyote tu. Halipandi penye shaka. Anayeulizwa lazima awe anamwamini anayemuuliza, moyo wote. Ndiyo maana huwa linakaa muda mrefu kwa mtu mmoja. Watu wa kukuamini hivyo ni wachache, baba."

Halikuwa jini lililomduwaza Jicho, lilikuwa lile neno la mwisho. "Kwa hiyo aliyenipa alijua?"

"Huwezi kumpa mtu kitu hiki kwa bahati mbaya."

Aliondoka pale akienda moja kwa moja kwa kaka yake, akichechemea, na njia nzima alikuwa akimtetea. Labda Kaka hakujua yote. Labda alidanganywa na baba mkwe. Mama yao alizoea kusema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, akiwashika mikono wote wawili, na Kaka alikuwa akiitikia kwanza.

Alimkuta uani anawarusha wanawe juu na kuwadaka, ana shavu, ana kifua. Kaka alipomwona akawashusha watoto, akakimbilia ndani, akafunga mlango. Wakazungumza kupitia nondo za dirisha, kwa sauti za chini ili watoto wasisikie.

"Ulijua, Kaka?"

"Nilijaribu kwa wengine kwanza. Wallahi nilijaribu. Nikamweka jirani kwenye usukani, akataja bei huku ananitilia shaka. Halikwenda. Kaka wa mke wangu vilevile, hata mke wangu mwenyewe, nisamehe, hata yeye. Kila mtu ana chembe ya kunishuku." Akashika nondo. "Wewe tu ndiye ulikuwa huna."

Yapo maumivu mtu huyategemea, na yapo yanayomkuta amelala. Jicho alihisi kama anaiendesha baiskeli ile ya utotoni, akageuka nyuma, akakuta hapakuwa na mtu aliyeshika kiti tangu mwanzo.

"Ungeniambia," alisema. "Ungeniambia tu, tungelibeba wote wawili."

"Ningekuambia lisingehama."

"Basi njoo uketi kidogo. Shika usukani, uniambie lina thamani gani. Mimi ni mdogo wako."

Kaka akatabasamu kwa huzuni. Meno yote yalikuwa yamerudi. "Hata nikitaja bei mchana kutwa, halitakuja. Mimi sikuamini tena, mdogo wangu. Nakuogopa."

Akavuta pazia.

Jua lilikuwa linazama Jicho alipofika kwake. Kila hatua goti lilisaga kama beringi iliyokauka. Aliamua jambo moja njiani na akalishikilia: hatalipitisha kwa mtu. Litakufa naye. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini yeye hatakuwa chawa wa mwenziwe. Kisha akafungua geti.

Mlango wa pikapu ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa ndani, utepe wa kupimia shingoni, pini mdomoni, anapima kiti cha dereva.

"Nilikuwa nakushonea kava!" alisema akizitema pini kiganjani. "Nilitaka ukute tayari. Umesononeka mno siku hizi, nikasema angalau hili gari lako unalolipenda nilipambe. Ila kiti hiki kina joto, ulikuwa umekikalia?"

"Hapana," alisema Jicho. "Ni jua tu."

Alishangaa jinsi lilivyotoka kirahisi. Mkewe akakubali, hakuongeza swali. Akajivuta vizuri kitini, na ili ajivute akashika usukani kwa mikono miwili.

Ndani ya gari, pale kwenye kiti cha abiria kilichokuwa kitupu, springi zikalia polepole, kama mtu anayejiweka sawa asikilize.

*Shuka.* Neno moja tu. Lilikuwa tayari ulimini. Akisha kushuka angemweleza yote, kuanzia bandani mpaka dirishani, naye angeogopa, angelia, angemtilia shaka, na hiyo shaka ingemkinga maisha yake yote. Jicho akasogea, akaegemea mlango kwa sababu goti halikumbeba tena. Akafungua mdomo. Baadaye angejiambia mara nyingi kwamba aliyesema ni jini. Lakini alikuwapo, alijisikia, na sauti ilikuwa yake, na ilikuwa ya upole.

"Wewe unaonaje, mke wangu? Lina thamani gani?"

Mkewe akacheka, kwa furaha ya kuulizwa jambo la kazi ya mumewe. Akainamisha kichwa upande, kama afanyavyo akimkadiria mteja kitambaa. Akafikiri kweli, kwa sababu aliyemuuliza alikuwa yeye. Kisha akataja bei.

Vitasa vikajifunga, *tak*.

Goti la Jicho likaacha kuuma.