Moyo wa Chenga

Kichwa cha mashine ya kupigia picha kilikuwa kimetundikwa ndoanoni, kikavu, lakini kwenye kioo moyo ulikuwa ukipiga.

Lubabatu, mpiga picha za moyo katika hospitali moja ya Zaria, alitazama kitanda. Hakikuwa na mtu. Nje upepo wa vumbi ulikuwa umelifunika jua la asubuhi. Kwenye picha za namna ile, nyama ya moyo mzima huonekana kama unga uliochekechwa; ikiugua huwa chenga, na kompyuta ya chumba hicho kazi yake ilikuwa kuhesabu chembe ambazo jicho huzipita. Moyo huu ulikuwa chenga tupu. Ndani yake, upande wa kushoto, uzi mwembamba ambao mioyo mingi haina ulikatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha ikaja harufu ya maji ya moto ya mwarobaini na uji wa magadi, harufu ya nyumba yenye mzazi aliyetoka kujifungua.

"Baba Gambo," alimnong'oneza mfagizi, "nani ameoga humu?"

"Kwa baridi hii? Mimi tangu Ijumaa napangusa uso tu." Kisha mzee akanusa, na mzaha ukamwishia mdomoni. "Audhubillahi! Mwanangu, zima hicho kitu."

Alizima. Alijua ni nani amekuja.

Miezi sita nyuma aliletwa Asabe, mzazi wa siku thelathini, anahema. Lubabatu aliilainisha picha yake kwanza, kwa kuwa daktari mkuu alipenda picha safi, na ulainishaji huo ulizifuta chenga zote. Kompyuta ikasema nyama nzima. Mama mkwe wake akashukuru, akamrudisha Asabe nyumbani kwenye kitanda cha udongo chenye moto chini yake, kwenye maji ya kuchemka na uji wa magadi. Alikufa kabla ya arobaini ya uzazi. Lubabatu aliitafuta picha ya asili, akaziona chenga, akaifuta. Hakumwambia mtu.

Mchana huo mama yake alipiga simu. Rakiya, mdogo wake Lubabatu, alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita.

"Mdogo wako amenona, we! Miguu hii, uso huu! Ila akilala anakohoa. Njoo umwone."

"Nitakuja, Inna."

"Nitakuja, nitakuja. Mtoto ataota meno hujamwona."

Hakwenda. Kwao, aliyeandamwa na jini au mzuka haingii nyumba ya mzazi kabla ya arobaini, asije akamwachia mama au kichanga. Alijizuia kwa mapenzi, jamani, hilo lisemwe.

Siku ya pili moyo ulirudi, na ya tatu, na kila ulipokuja alisoma Ayatul Kursi huku akiufuta kiooni, na kila alipoufuta ulirudi umechoka zaidi, pigo moja, kimya, pigo jingine limekawia, hata akajikuta anazuia pumzi yake mwenyewe akisubiri linalofuata, na ile harufu ya magadi ikimwingia kooni, na jeli ya kupaka wagonjwa kifuani ikiwa ya moto chupani kana kwamba imetoka jikoni, na joto likipanda kutoka sakafuni kama joto la kitanda cha udongo. Siku ya nne akamwita Malam Bawuro, mtoa majini.

Malam alinyunyiza maji aliyoyasomea, akafukiza. Mashine iliyozimwa ikawaka. Kutoka kwenye kipaza sauti chake, katikati ya mapigo, sauti ya mwanamke ikasema taratibu:

"Huu si wangu, Lubabatu."

"Malam, umesikia?"

"Usimjibu! Jini ni mwongo. Toka!"

"Wangu uliufuta. Utazame huu."

"Toka kwa jina la Mola!"

Harufu ikakatika. Kioo kikawa cheusi. Lubabatu akalia kwa faraja, akapiga simu nyumbani kusema sasa anaweza kuja.

"Usije," mama alisema, sauti imemkauka. "Tunakuja sisi. Rakiya hawezi kujilaza, anakaa tu, anakaa."

Alasiri wakamwingiza amebebwa mgongoni mwa mumewe. Miguu haikuwa imenona. Ilikuwa imejaa maji.

"Dada," alisema kwa shida, "mbona hukuja kumwona mtoto?"

Lubabatu alikiweka kichwa cha mashine kifuani pa Rakiya. Hakuilainisha picha. Kioo kikaonyesha pigo moja, kimya, pigo jingine limekawia. Chenga tupu. Na upande wa kushoto, uzi mwembamba ukikatiza kutoka ukuta hadi ukuta.

"Kuna nini?" mama alinong'ona. "Sema, mwanangu."

Akasema yote, hata ya Asabe. Safari hii kompyuta haikukosea, na daktari alikuja mbio, lakini dawa ambazo zingefaa siku ya kwanza zilikuwa zimechelewa siku tatu. Rakiya alizikwa kabla ya arobaini yake.

Mama anamlea mtoto, na hazungumzi na Lubabatu ila salamu. Kila asubuhi Lubabatu hufika kabla ya Baba Gambo, huwasha mashine, hafukizi, hasomi chochote. Huketi akinusa. Chumba hunukia dawa ya sakafu tu, na kioo ni cheusi.

"Asabe," humwita, "rudi. Nitatazama."