Visiki Vilivyo Hai

Kila asubuhi Sabdio alishika panga na kwenda kwenye visiki vya mgunga, nyuma ya nyumba yake huko Minjila. Alikata machipukizi mabichi na kuwapelekea watoto wa mbuzi waliofungwa nyumbani. Mama yake aliwakatia mbuzi majani mabichi vivyo hivyo, na bibi yake pia.

Zamani hapo palikuwa msitu. Wakati wa kiangazi maganda ya mgunga yalidondoka, na ng'ombe wa maziwa waliyala. Mumewe, Guyo, alikaa nyumbani. Kisha miti ikakatwa, ikawa mkaa. Sasa kila kiangazi Guyo alipeleka ng'ombe mbali, upande wa Kipini. Jioni alipiga simu.

"Hamdi hajambo?" aliuliza. Hamdi ni binti yao.

"Anakuuliza wewe. Rudi."

"Nikirudi, ng'ombe watakula nini?"

Sabdio alimpa Hamdi simu.

Chama cha msitu cha kijiji kilipanda miche. Sabdio aliimwagilia maji. Jua likaiua. Walipanda tena, ikafa tena.

Siku moja Kanze alimkuta akikata machipukizi. Kanze ni jirani yake, mkulima wa Kigiriama aliyesomea utunzaji wa misitu.

"Mama Hamdi, unakata nini?"

"Chakula cha mbuzi. Nikimaliza namwagilia miche."

"Yaani unafyeka msitu, halafu unaenda kumwagilia msitu."

Sabdio alicheka. "Wagiriama mmemaliza miti kwa mkaa, leo mnatufundisha."

"Na mkaa wenyewe mlinunua nyinyi wafugaji. Haya, inama hapa."

Kanze alifukua udongo kando ya kisiki. Mzizi ulikuwa mnene na mbichi.

"Kisiki hiki hakijafa," alisema. "Mizizi yake imeshafika chini kwenye unyevu. Mche wako hauna mizizi hiyo. Kila mwaka kisiki kinataka kuwa mti, nawe unakirudisha nyuma."

"Na watoto wa mbuzi wale nini?"

"Hayo hayo. Acha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, uwape mengine. Zungushia miiba mpaka matawi yapite mdomo wa mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma."

"Na miti ikirudi, mvua nayo itarudi?"

"Hilo siahidi. Naahidi kivuli na maganda. Tena, mti huvuta hewa ya ukaa, ile inayozidisha joto duniani. Kaboni yake hubaki ndani ya shina, mizizi na udongo. Mti ukichomwa, inarudi hewani."

Chama kilikutana. Wafugaji na wakulima walikubaliana kuzungushia miiba visiki vyote. Hakuna kuchunga ndani.

Guyo alipopiga simu, sasa aliuliza, "Miti imefika wapi?"

"Kiunoni kwa Hamdi."

Kiangazi kilichofuata: "Begani."

Kisha: "Imempita."

"Itunzeni," alisema Guyo.

Miaka ilipita kabla ya maganda kudondoka. Hayakuwatosha ng'ombe wote. Abduba, mdogo wake Guyo, alipeleka kundi kubwa Kipini. Ng'ombe wa maziwa walibaki, na Guyo alibaki nao.

Jioni, saa ya simu ilipofika, Sabdio aliishika simu mkononi kwa mazoea. Haikulia. Guyo alikuwa mbele yake chini ya mgunga, anakunywa maziwa.

"Baba," Hamdi alimtania, "miti imefika wapi?"

Guyo alisimama, akanyoosha mkono juu. Haukufikia tawi la chini.