Kengele ya Dakika Ishirini

Mume wangu ni fundi wa saa. Mtaa mzima unamwita Dakika, na jina hilo hakupewa bure. Ukimwambia utafika saa nne, ukafika saa nne na dakika mbili, atakukaribisha vizuri na kukupa kiti. Kisha ataitazama saa yake ya mkononi, ili na wewe uione. Nimeishi naye miaka ishirini na sita. Nimemzoea, lakini sitawadanganya kwamba hanichoshi.

Mimi ni fundi cherehani. Tunafanya kazi chumba kimoja, hapo hapo sebuleni kwetu. Meza yake iko dirishani, maana vyuma vya saa ni vidogo na vinataka mwanga. Cherehani yangu iko karibu na mlango, ili wateja wasinikanyagie vitambaa. Siku nzima yeye kainama na lenzi yake jichoni, mimi nimeinamia mshono, na tunagombea redio. Watoto wetu wamekua na kuhama, kwa hiyo hakuna wa kutuamua.

Kila Alhamisi jioni tunafunga kazi mapema na kwenda kwenye chama. Ni chama cha kujitolea cha mtaa wetu. Tunazibua mitaro, tunachangia damu, tunatengeneza mabenchi ya zahanati. Tunakutana katika darasa la shule ya msingi, tumekalia viti vya watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Kila wiki tunamwalika mgeni mmoja aje kuzungumza nasi. Amewahi kuja mtu wa zimamoto, amekuja mfuga nyuki, amekuja fundi umeme. Mgeni hupewa dakika ishirini. Zikiisha, mtunza saa hupiga kengele. Na mtunza saa ni nani, nadhani mmeshajua.

Kusema haki, kabla yake hali ilikuwa mbaya. Mgeni mmoja alizungumza juu ya mbolea saa moja na nusu, hata mwenyekiti akasinzia. Ndipo tukamchagua Dakika. Ila alikuwa na kasoro moja: alikuwa hasikilizi. Mgeni akianza tu, macho yake yako kwenye saa. Ukimuuliza baadaye mgeni alisema nini, atakujibu kwamba alisema dakika ishirini.

Alhamisi moja akaja muuguzi kutoka hospitali kuu, dada mfupi mwenye sauti ya upole. Alikuja kutueleza kiharusi. Alisema ubongo unahitaji damu kila wakati. Mshipa ukiziba au ukipasuka, sehemu ya ubongo hukosa damu na kuanza kufa. Hapo mtu hulegea upande mmoja, mdomo huenda kombo, maneno hayatoki. Akatuambia sote tutabasamu. Akatuambia tuinue mikono yote miwili. Akatuambia tuseme pamoja sentensi moja fupi. Tulicheka kama watoto. Akasema hivyo ndivyo unavyompima mtu: uso, mikono, maneno. Kimoja kikiharibika ghafla, ni hatari.

Akaendelea kutuambia kwamba mara nyingi kiharusi huletwa na shinikizo la damu, hii tunayoiita presha. Alisikitika kwamba watu huacha dawa zao kwa sababu wanajisikia wazima. Niliposikia hivyo nikatazama sakafu. Vidonge vyangu vilikuwa ndani ya kopo la vifungo, na nilikuwa na miezi mitatu sijavigusa. Kichwa hakikuniuma, kizunguzungu sina, nikaona vya nini kujisumbua.

Muuguzi akainua kidole. "Sasa nawaambia lililo kubwa kuliko yote," alisema. "Ukiona dalili hata moja, kitu cha kwanza kabisa, angalia..."

Kengele ikalia.

Dada wa watu akabaki na kidole chake hewani. Akatushukuru, akakaa. Tukapiga makofi, mwenyekiti akasoma matangazo, mambo yakaisha. Mimi niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Dakika alipokuwa akipanga viti, nikamkimbilia muuguzi getini. Nikamwomba radhi, nikamwomba na amalizie.

"Angalia saa, mama," aliniambia. "Ujue dalili zimeanza saa ngapi. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini inatolewa katika saa chache za mwanzo tu. Usimpe mgonjwa chakula wala kinywaji, atapaliwa. Usimlaze ukasubiri apate nafuu. Mlete hospitali wakati huo huo."

Njiani Dakika akataka kujua tulikuwa tunazungumza nini. Nikamwambia angesikiliza angejua. Kesho yake akauliza tena, mgeni alitaka watu waangalie nini. Lilikuwa limemkaa kichwani. Mimi nilikuwa nimenuna, sikutaka kumwonea huruma. Nikamwambia akamuulize mwenyewe. Hilo ndilo kosa langu, nalisema wazi. Nilikuwa na neno la kuokoa mtu, nikalifanya silaha ya ugomvi wa nyumbani.

Jumapili asubuhi nilikuwa nakata kitambaa cha sare za shule. Mkasi ukaniponyoka. Nikainama kuuokota, vidole vikakataa kufunga. Nikajaribu tena. Mkono wa kulia ulikuwa mzito, kama si wangu.

Mkasi ulipoanguka, Dakika alitazama saa yake. Ndivyo alivyo. Hata sahani ikivunjika, yeye hutazama saa kwanza, ndipo atazame sahani. Kisha akaniona. Akasema nimechoka, tangu asubuhi sijatia kitu tumboni. Nilitaka kumwambia ni kiharusi. Kilichotoka kinywani ni sauti ya mtu anayeota.

Niliogopa, nyie. Kila kitu nilikuwa nakijua. Niliyakumbuka maneno ya muuguzi moja baada ya jingine, na ulimi haukunitii. Siku tatu nilimnyima mume wangu maneno yale kwa kiburi. Sasa nilitaka kumpa yote, na sikuwa na hata moja la kutoa.

Akaniletea chai. Nikafunga mdomo. Akabembeleza, akanisogezea kikombe, nikakisukuma kwa mkono wa kushoto, chai ikamwagikia sare. Akasema basi nikalale kidogo, nitaamka mzima. Akaja kuninyanyua. Hapo nikamkamata mkono wake wa saa. Nikagonga kioo cha ile saa kwa kidole. Nikagonga tena.

"Ni saa nne na dakika kumi na sita," alisema. "Unataka kwenda wapi?"

Nikagonga tena, machozi yananitoka. Akaitazama saa, akanitazama mimi. Halafu nikaona uso wake unabadilika.

"Angalia," akasema polepole. "Angalia saa."

Nikafumba macho nikatikisa kichwa kukubali. Akaniambia niinue mikono. Aliwaona watu wakiinua mikono darasani Alhamisi ile, ingawa hakujua ni ya nini. Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukabaki mapajani. Akatoka mbio kumwita jirani yetu mwenye teksi, hana viatu, na lenzi bado iko kwenye paji la uso.

Hospitalini tulipokewa na muuguzi yule yule. Alinitazama usoni mara moja, akamgeukia mume wangu na kumuuliza ilianza saa ngapi. Alituambia baadaye kwamba wengi hujibu "asubuhi" au "muda si mrefu", na jibu hilo halimsaidii daktari.

"Saa nne na dakika kumi na moja," alisema Dakika. "Mkasi ulianguka, nikatazama."

Muuguzi akaandika. Nilijua amemtambua. Walinipiga picha ya kichwa kwanza, waone mshipa umeziba au umepasuka, kwa sababu aliyepasuka mshipa dawa ile inaweza kumuua. Wangu ulikuwa umeziba. Kabla ya saa sita dawa ilikuwa inaingia mwilini mwangu.

Siku ya pili Dakika alimfuata muuguzi akamwomba radhi kwa ile kengele. Muuguzi hakumsuta. Alimwambia hata yeye amejifunza, safari ijayo ataanza na lililo kubwa. Kisha akataka kujua kama ninatumia dawa za presha. Ikabidi Dakika amwambie habari ya kopo la vifungo, maana alivijua vilipo. Hapo ndipo tulipopewa vidonge vyetu, na tulistahili. Alisema presha haipigi hodi. Unaweza kujisikia mzima kabisa na huku inaumiza mishipa. Dawa yake hunywewa kila siku, na anayetaka kuiacha azungumze na daktari kwanza.

Maneno yalirudi taratibu. La kwanza kutoka sawasawa lilikuwa "redio". Mume wangu alilia mbele ya wagonjwa wote, mtu mzima na mvi zake.

Nyumbani nikaanza mazoezi. Nilifinya kitambaa kilichoviringwa, nikaokota vifungo kimoja kimoja na kuvirudisha kwenye kopo. Kila siku saa moja kamili asubuhi Dakika anasimama mbele yangu na kidonge na glasi ya maji. Hakosei hata nukta. Kwa hilo simlalamikii tena.

Kwenye chama aliirudisha kengele, akasema hafai. Wanachama wakakataa, wakabadilisha utaratibu badala yake. Sasa mgeni huanza na jambo lake kubwa. Kengele ikilia, humaliza alichokuwa anasema, kisha watu huuliza maswali. Maswali ndiyo yamekuwa matamu kuliko hotuba.

Baada ya miezi mitano, mgeni wa wiki nilikuwa mimi.

Nilisimama mbele ya viti vile vidogo. Nikaanza na lile alilokatwa muuguzi: angalia saa, usimpe kitu, usisubiri, nenda hospitali. Nikawafanya watabasamu na kuinua mikono. Nikawaambia habari ya vidonge, na habari ya kununa kwangu, bila kujificha. Ulimi wangu bado mzito, kila neno nalivuta. Watu walinisubiri.

Nilipomaliza nikatazama saa ya ukutani. Dakika ishirini zilishapita zamani. Nikamtazama Dakika. Alikaa mbele kabisa, kengele mezani, kidevu kiganjani, ananitazama mimi.

Nikanyoosha mkono wa kulia, ule ule, nikaichukua kengele na kuipiga mwenyewe. Alishtuka, darasa zima likacheka.

"Zimepita dakika tisa," nikamwambia.

"Nilikuwa nasikiliza," akasema.